Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kazi ya Kukusanya Historia ya Mlimani

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka huu. Mambo ya fedha atayaeleza mweka hazina. Mimi nitajikita kwenye kazi mliyotutuma katika mkutano uliopita: kukusanya kumbukumbu za waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Mlimani, wakati wale wa mwanzo bado tunao.

Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi hawakutimia 15. Mwanamke kati yao alikuwa Julie Manning, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka uliofuata kikahamia kilimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Haya yamekwisha kuandikwa, na hatukuona sababu ya kuyarudia kwa urefu.

Uliotuchukua muda ni mwaka 1966. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo pamoja na mengine iliwataka wahitimu wafanye kazi kwa sehemu ndogo tu ya mshahara. Bango moja lilisema afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere alikasirika mno, na karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao. Habari hii husimuliwa kwa namna mbili: ama wasomi walijawa na ubinafsi, ama vijana walionewa. Kamati imekubaliana kutochagua mojawapo. Bango lile lilikuwa baya, na baadhi ya wazee waliokuwepo wanakiri hivyo bila kuzungushazunguka. Lakini wanafunzi walilalamikia pia mishahara ya wakubwa, na siku hiyohiyo Mwalimu alitangaza kupunguza wake kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, lililowawekea viongozi miiko. Mwanafunzi wa leo anayefundishwa Azimio bila kusikia habari za Oktoba ile amepewa nusu ya somo.

Miaka iliyofuata ndiyo inayotajwa zaidi na wageni: mwanahistoria Walter Rodney kutoka Guyana akifundisha, Yoweri Museveni akiongoza umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, jarida la Cheche likisomwa hadi lilipopigwa marufuku mwaka 1970. Tunajivunia hayo. Hata hivyo nimewaomba wanaoandika kumbukumbu zao wasituletee tu hadithi za watu mashuhuri waliopishana nao ukumbini Nkrumah. Tunataka kujua wenyewe walikula nini, walilala wapi, na nani aliwalipia nauli ya kwanza kutoka mkoani.

Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza za maslahi ya viongozi, na zaidi ya 300 walifukuzwa. Wanachama wetu wa kundi hilo wametuletea maandishi mazuri sana. Nawashukuru.

Sasa nifike kwenye jambo lililotugawa. Baadhi yenu mliandika kutaka kijitabu tutakachochapisha kumbukumbu hizi kisiguse habari za Mzee Punch, yale maandishi na michoro ya kejeli iliyobandikwa kwenye kuta za chuo bila mwandishi kujitaja, mkisema yale yalikuwa utani wa chuoni. Kamati imekataa ombi hilo, nami nasimama na kamati. Kuta zile zilitumika kuwadhalilisha wasichana kwa maneno na michoro, na Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa namna hiyo. Wanawake waliosoma miaka ile wametueleza jinsi walivyobadili njia ya kwenda kula ili wasipite mbele ya kundi la wanaume. Kumbukumbu zao zitachapishwa jinsi walivyoziandika, na majina yatafichwa kwa atakayetaka.

Kuhusu maisha ya kawaida, tumepata mengi kuliko tulivyotarajia: bumu (fedha za kujikimu za mwanafunzi) linalochelewa, usiku wa mitihani kwenye vimbweta (meza na viti vya saruji vya nje), hofu ya kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli), na kubebana, ambako kitanda cha mmoja kililaza wawili kwa sababu mwenzao hakupata chumba. Nilifurahi kuona kwamba waliobebana ndio wanaoandika kwa upendo zaidi kuhusu chuo, ingawa shida ile haikupaswa kudumu miaka yote hiyo. Mabweni ya Magufuli yaliyofunguliwa Aprili 2017, yenye nafasi 3,840, yalikuwa jibu lililosubiriwa muda mrefu. Wanaotumia maktaba mpya iliyozinduliwa mwaka 2018 nao waanze kuandika sasa. Wasingoje mvi.

Kazi iliyobaki ni hii. Kumbukumbu za waliosoma Muhimbili na Morogoro kabla vyuo hivyo havijajitegemea ni chache mno, ilhali nao walikuwa wanafunzi wa chuo hiki. Wafanyakazi wa mabwenini na jikoni hatujawafikia kabisa, na napendekeza mkutano uidhinishe nauli kwa vijana watakaowafuata walipo. Picha mtakazoleta ziandikwe nyuma mwaka, bweni na majina kwa penseli, maana kalamu ya wino huharibu karatasi. Nakala halisi tutazirudisha kwa wenyewe zikishapigwa picha.

Muda wa kamati hii umekwisha. Fomu za kugombea anazo katibu, na ningependa kuona wanachama waliohitimu miaka ya karibuni wakizichukua.