Mhariri, kozi ya uongozi wa hospitali isichaguliwe kwa jina lake

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana kila msimu wa kuomba vyuo simu yangu haipumziki, mara mtoto wa dada, mara jirani, mara mtu tulisoma naye tukapotezana miaka, na swali lao ni lile lile, "mwanangu anataka kuja kuendesha hospitali ila udaktari hautaki, akasomee nini?" Nikiwajibu kwa simu naona kama hawaniamini, labda wakisoma gazetini itawaingia.

Mi nipo kwenye utawala wa hospitali miaka mingi sasa, na nilianzia stoo. Siku moja chumba cha upasuaji kilisimama kwa ajili ya glavu. Daktari yupo, mgonjwa kashaandaliwa, nesi anakuja mbio anataka saizi saba na nusu, naangalia leja inasema maboksi 40, nikasema hapa hakuna shida, naingia ndani kumbe yote 40 ni saizi sita na nusu na nane, aliyeandika aliandika "glavu" tu basi akafunga kitabu. Bosi wetu wa wakati huo alikuwa na digrii yenye jina zuri kabisa la uongozi wa huduma za afya, na alichofanya ni kuitisha kikao. Kikao kilichukua asubuhi nzima, leja ikabaki vile vile.

Sisemi hiyo digrii ni mbaya, la hasha, nimefanya kazi na wengine walioisoma wako vizuri sana. Ninachosema ni kwamba jina la kozi halikwambii kitu, omba orodha ya masomo uisome mstari kwa mstari kabla hujajaza fomu. Ukikuta uhasibu wa gharama, takwimu, uchumi wa afya, ugavi, sheria, mifumo ya taarifa na miezi ya fildi ndani ya hospitali yenyewe, hiyo nenda kifua mbele. Ukikuta nusu nzima ni kanuni za uongozi na stadi za mawasiliano, mdogo wangu tafuta nyingine, hizo utajifunza ukiwa kazini tena kwa kuumia.

Hesabu mi naisisitiza kwa sababu hospitali ni foleni. Chukua wagonjwa 30 wanaingia kila saa bila kukatika, kila mmoja anakaa wastani wa saa 2 mpaka atoke na dawa yake, maana yake muda wowote ukichungulia humo ndani utakuta watu 60, mabenchi yako kama ni ya watu 40 basi 20 wameegemea ukuta. Sasa ukipunguza ule muda ukawa saa moja wanabaki 30 na hujanunua hata benchi moja! Hiyo hesabu msomi mmoja wa Marekani, John Little, aliithibitisha mwaka 1961, ni ya kuzidisha tu, lakini nimeona watu wakiomba bajeti ya jengo jipya wakati tatizo ni dirisha moja la dawa.

Halafu kuna njia ambayo wazazi wanaidharau sana, uuguzi. Sista wa wodi anajua faili linapotelea wapi usiku, anajua nani anaandika dozi kwa mwandiko usiosomeka, huyo ukimuongezea masta ya utawala umepata kiongozi ambaye hadanganyiki. Na wala sio jambo jipya, Florence Nightingale watu wanamkumbuka kwa taa yake, wanasahau kwamba aliporudi kutoka vita vya Krimea alichora takwimu zikaonyesha maradhi yanaua askari wengi kuliko majeraha, hiyo ni 1858, nesi na hesabu zake.

Kozi za kumbukumbu na taarifa za afya nazo zisipuuzwe. Kwenye ICD-10, ile orodha ya kimataifa inayoupa kila ugonjwa namba yake, kisukari cha aina ya kwanza ni E10, cha aina ya pili E11, ukikosea hapo bima inakurudishia fomu na hela inachelewa, sasa zidisha na fomu za mwezi mzima uone mishahara itatoka wapi.

Kwa hiyo anayeniuliza namwambia digrii ya kwanza ikupe kitu cha kushika mkononi, iwe uhasibu, takwimu, uuguzi, famasia, chochote ambacho ukiamshwa usiku unakiweza, uongozi utausomea kwenye masta. Masta zenyewe zipo zamani, Chuo Kikuu cha Chicago kilianza ya uongozi wa hospitali mwaka 1934, na vyuo vingi havikulazimishi digrii ya kwanza iwe ya fani hiyo hiyo.

Binti wa dada yangu kachagua uhasibu. Mama yake kanuna mpaka leo, alishajiandaa kuwaambia watu mtoto yuko "mambo ya hospitali". Nimemwambia yule binti likizo ikifika aje stoo kwetu na kalamu yake, tutahesabu glavu saizi kwa saizi.

Msomaji wako, mtu wa stoo