Protini ya saratani haimo chunguni

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikisomesha skuli, na sijapata kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza, kwa ile habari yenu kwamba wataalamu wamezijua protini zinazoikuza saratani ya matiti. Protini zipi, na ziko wapi mwilini, hamkusema.

Wifi yangu hapa Wete ana saratani hiyo, na alikuwa katikati ya dozi za dripu ya dawa. Habari ikasomwa barazani, ikaingia ndani, na siku ya pili kunde, mayai, changu na pweza vyote vikapigwa marufuku. Waliomnyima ni watu wanaompenda. Wiki tatu mgonjwa anakula muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Alipovuka kwenda Unguja kwa dozi nyengine, uzito umeshuka, damu imepungua, daktari akaiahirisha. Safari yote ile, nauli ile, na mawimbi yale, akarudi vile vile alivyokwenda.

Nimesomesha bayolojia miaka mingi, ndiyo maana nimekasirika hivi. Samaki ukimla, tumbo humvunja vipande vidogo vidogo, na mwili ukajijengea unachotaka. Protini wanayoizungumza madaktari hutengenezwa na seli yenyewe. Iko inayoitwa HER2, hukaa kwenye utando wa seli na kuipa amri ya kugawanyika. Kila mtu anayo kidogo, lakini katika saratani 15 hadi 20 kwa kila 100 za matiti huwa imezidi mno. Wagonjwa hao ndio wanaofaa dawa ya trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kuingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Ziko na zile zinazopokea homoni ya estrojeni. Mwenye nazo hupewa vidonge vya tamoksifeni, mara nyingi kwa miaka 5 au zaidi. Kwa hiyo protini hizi hupimwa ili ijulikane dawa gani itamfaa mgonjwa gani. Hii ni habari ya matumaini, Mhariri! Mngeongeza sentensi mbili tu, wifi yangu angekula mchuzi wake wa samaki na dozi yake angeipata kwa siku yake.

Na madhali nimeshika kalamu, niseme na la vichupa. Wifi alipokatwa kinyama cha titi cha kupimwa mara ya kwanza, mahali nisipopataja, tulikabidhiwa kichupa chenye kinyama hicho tukivushe wenyewe kutoka bandari ya Mkoani. Hakikuandikwa saa wala maji yaliyomo. Kinyama cha titi kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, maji ya dawa ya kukihifadhi kisioze, ndani ya saa moja, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikicheleweshwa, protini zinaharibika na kipimo kinasema uongo. Jibu likarudi kuwa ni saratani, ila vipokezi, yaani zile protini zinazopokea homoni, havisomeki, akakatwe tena. Mama wa watoto wanne akakatwa mara mbili kwa kukosekana mstari mmoja wa kalamu. Ya pili ndiyo iliyoonesha kuwa vidonge vitamfaa akimaliza dripu.

Ninachotaka ni hiki. Kila kichupa kibandikwe karatasi yenye mistari mitatu: saa kilipokatwa kinyama, saa kilipoingia kwenye fomalini, na titi la upande gani. Na wewe, Mhariri, irudie habari ile siku ya Ijumaa, ukurasa wa mbele, kwa herufi za kusomeka na mtu mzima asiye na miwani. Uandike kuwa protini hizo zinapimwa maabara, na kuwa mgonjwa wa saratani ya matiti hakatazwi samaki, mayai wala kunde kwa ajili yazo. Nitaikata niibandike jikoni kwa wifi yangu, maana mimi wamekataa kuniamini. Wanasema gazeti limesema.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba