Simu tunazowapa watoto ili watulie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wazazi wenzangu jambo ninaloliona kila jioni hapa Nkuhungu, Dodoma. Mama anapowasha jiko la mkaa, simu hukabidhiwa mtoto wa miaka mitatu ili atulie, na ikichukuliwa kilio chake husikika hadi nyumba ya tatu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe kabisa.

Nami sijitoi katika lawama hii. Niliweka namba ya siri nikajiona mjanja, kumbe binti yangu wa darasa la nne alikwisha kuikariri kwa kutazama kidole changu. Niligundua bando lilipokata kabla ya saa mbili usiku. Tangu hapo simu zote, yangu ikiwamo (na hapo ndipo penye ugumu), huwekwa juu ya kabati la vyombo baada ya chakula cha usiku, na video tunazitazama pamoja sebuleni mchana, akiniuliza asichokielewa. Kumnyang'anya bila maelezo kulimfundisha kujificha tu.

Mzazi,
Nkuhungu, Dodoma