Shoga, huku hakuna kupumzika

Konde, Pemba
Oktoba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi huku sijambo, alhamdulillahi, hofu ni kwako na kwa bi mkubwa. Ujumbe wako nimeupata. Nimeona nikae nikuandikie, maana ulilouliza halimaliziki kwa sauti ya WhatsApp. Unataka kujua kama na wewe uifunge nyumba ya Magomeni, Dar, uje ukae shamba, upumzike.

Hapo kwenye kupumzika ndipo pa kuzungumza.

Tangu karafuu zianze kushuka sijakaa jioni mikono mitupu. Mchana watu wako juu ya miti wanachuma. Magharibi magunia yanamwagwa barazani na kila jirani anaketi kuchambua: unashika kishada, unakibinya kiganjani, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Hakuna anayekualika, ila usipoonekana utaulizwa. Wachumaji wanalipwa kwa pishi. Sisi wa barazani malipo yetu ni chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, na muhogo, na maneno. Yupo mzee mmoja ambaye hachambui hata kishada kimoja, kazi yake ni kutukumbusha kuwa kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kikaiacha ya Pemba, na kwamba mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka huku kwetu. Anavyosimulia utadhani yeye ndiye aliyekizuia.

Mimi sina mkarafuu hata mmoja. Nina nyumba ya marehemu bibi tu na cherehani yangu. Lakini nani atakusikiliza? Juzi nilikuwa napinda sketi ya skuli, mara nikasikia watu wanapiga ukelele: mvua! Nikaacha sindano kwenye kitambaa nikatoka mbio. Karafuu zilizoanikwa hazikuwa zangu, na mwenyewe alikuwa Wete. Tukawa wanawake wa nyumba nne au tano, kanga zimetufunguka, tunakunja majamvi na kukokota. Karafuu ikilowa ikalala hivyo huvunda, inatoka weupeweupe, na daraja linashuka wakati wa kuuza. Na mnunuzi kwa mujibu wa sheria ni mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, kwa hiyo ukishushwa daraja hapo huna pengine pa kwenda kujaribu bahati. Ada ya watoto, mabati, mahari ya kijana, yote yanalala pale chini juu ya jamvi yakiangalia wingu. Mwenye karafuu aliporudi hakutushukuru kwa maneno mengi. Alisema tu, "Haya, mmefanya," akaingia ndani. Kesho yake nikaletewa changu wawili wazima.

Hivyo ndivyo pesa inavyokwenda huku, shoga, na hili lifikirie sana. Kariakoo mteja alikuwa anaweka nusu, anachukua nguo anamaliza nusu. Hapa kuna daftari. "Nishonee, karafuu zikishuka nitakuona." Msimu ukiwa mzuri nashona usiku na mchana, madira ya harusi na sare za skuli, na watu wanalipa bila kuulizwa. Masika yakiingia nalipwa ndizi, mashelisheli, pweza bamvua likiwa zuri. Njaa sijaiona. Noti, hiyo ndiyo nyakati nyingine siioni. Kama una mkopo wa kulipa kila mwisho wa mwezi, umalize kwanza huko huko mjini.

Umeme usiwe na wasiwasi nao. Tangu 2010 unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na ukikatika mimi nina cherehani ya mguu.

Uliandika pia kwamba umechoka na kelele. Hee! Honi hazipo, kweli. Lakini nyuma ya nyumba kuna mwembe, na popo wa Pemba, wale wakubwa ambao hawapatikani penginepo duniani, wameshajua kwamba maembe yanakaribia. Wanakuja usiku kutoka upande wa msitu wa Ngezi wanagombana mpaka alfajiri, halafu jogoo wanapokea zamu.

Na huwezi kupita njiani kimya. Kila baraza ina swali: "Wenda wapi? Watoka wapi? Na hicho kwenye mfuko?" Wanajua nimenunua kitambaa mita ngapi. Wameshaniposea mume barazani, tena zaidi ya mmoja, mimi mwenyewe nikiwa sipo. Mambo hayo yananiudhi, sitakudanganya. Ila nilipopatwa na homa sikumwambia mtu. Dirisha tu halikufunguliwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri uji ulikuwa umeshaingia kutoka nyumba mbili. Magomeni yule wa fremu ya simu tulikaa naye ukuta kwa ukuta miaka yote ile, nimeondoka simjui jina.

Sasa bi mkubwa. Hili ndilo linalonifanya nisite, kwa ile sukari yake na presha. Konde iko kaskazini kabisa. Maradhi madogo yanatibiwa karibu, yakizidi unakwenda Wete au Chake Chake, na hospitali ya Abdalla Mzee, ile iliyojengwa upya kwa msaada wa China, iko Mkoani, ncha ya pili ya kisiwa. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi. Kwa kijana si kitu, unapanda gari ya 602 mpaka Chake unabadilisha. Kwa mgonjwa usiku wa mvua ni safari. Na dawa akiikosa huku, huko kwenu unavuka barabara tu.

Halafu bahari. Dar mpaka Unguja utaona rahisi. Ni baada ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, ndipo meli inapoanza kucheza, hasa kusi likivuma. Watu hapo husoma dua, na usiwashangae. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama maeneo hayo ikija Pemba. Huku ukiitaja mbele za watu, mazungumzo yanakatika. Bi mkubwa mpandishe ndege mpaka Chake, hata kama itabidi uuze friji.

Kwa hiyo usihame. Njoo kwanza, peke yako, msimu huu huu kabla karafuu hazijaisha. Bi mkubwa akae na dada yako. Ukae nami barazani uchambue mpaka vidole viwe vyeusi, uulizwe unatoka wapi na mtu asiyekujua, uamshwe na popo. Siku ya pili nitakupeleka kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, kukutambulisha, usije ukaonekana mgeni wa kificho. Ukiona unaweza, tutazungumza habari ya chumba, kipo kimoja kinataka mabati na mlango.

Ukija pitia Kariakoo duka letu lile uniletee sindano za cherehani namba 14 na 16, zipu nyeusi za sketi, na uzi wa bluu ya skuli, koni kubwa. Pesa nakutumia leo kwenye simu, usinikopeshe. Madeni ya huku yananitosha.

Nisalimie bi mkubwa na wote wa uani.

Shogayo wa Konde