Mama mkwe anataka kumpakata mjukuu hadi Muleba

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina mume na binti mmoja ambaye Januari, Mungu akijalia, atatimiza miaka miwili. Mume wangu alihamia Bukoba kikazi tangu mwaka jana. Nami nikaomba uhamisho wa kumfuata mwenza, nikazungushwa weee, hatimaye kibali kimetoka na shule zikifunguliwa natakiwa niwe nimeripoti. Kwa hiyo Desemba hii tunahama moja kwa moja, kwa gari letu dogo, IST. Vitanda na makochi tumewauzia majirani, vilivyobaki vitapanda fuso.

Kwa asiyeijua njia, nchi tunaikata kutoka baharini hadi ziwani, kilomita zinapita 1,400. Segera, Same, Moshi, Arusha, Babati, Singida, halafu Igunga, Nzega, Kahama, Biharamulo, ndipo Muleba na Bukoba. Na kwa kuwa uhamisho nimeuomba mwenyewe, hakuna posho ya usumbufu wala nauli ya mizigo. Kila lita ya mafuta ni yetu.

Sasa shida yangu haiko barabarani, iko kwenye kiti cha nyuma.

Mama mkwe wangu alikuja nilipojifungua, akabaki. Naomba nieleweke, hizi si zile habari za mama mkwe ambazo naamini unaletewa kila wiki. Huyu mama amenilea uzazi vizuri, na nilipoanza kurudi kazini binti yangu alikuwa mikononi mwake kutwa nzima. Kwao ni Muleba. Anarudi na sisi, na hamu yake ni moja: afike nyumbani kwa gari la mwanawe, ashuke na mjukuu mikononi, majirani waone. Ameshanunua kitenge cha siku hiyo. Ana na gunia la nazi ambalo halina pa kukaa, lakini hilo tutalimaliza.

Mimi nilitafuta kiti cha mtoto cha gari. Nilikipata cha mtumba, nikageuza chini nikasoma mwaka wa mwisho wa kutumika, bado. Aliyeniuzia ameapa hakijawahi kuwa kwenye ajali, na hapo ndipo ninapobaki na imani tu, maana plastiki iliyopasuka kwa ndani haionekani kwa macho. Nimejifunza kukifunga: unakikandamiza kwa goti, unavuta mkanda mpaka kisicheze. Kinakaa nyuma, kimegeuzia mgongo mbele ya gari, na hakiwekwi kamwe kiti cha mbele kwa sababu ya lile puto linalofyatuka gari likigonga. Kinakula nafasi, sikatai. Mimi nikikaa pembeni yake, mama inabidi akae mbele na mwanawe, na huko mbele hataki.

Tulikijaribu kwa safari ya Muheza, tukaenda kununua machungwa. Dereva alikuwa shemeji yangu. Mtoto alilia kutoka getini. Akajipinda mgongo kama upinde ili mkanda usifunge, nikafunga hivyo hivyo, akalia mpaka Pongwe, akalia kupita Pongwe, na tulipokaribia Muheza akatapika uji wote. Ukaingia kwenye kile kitako cha kufungia mkanda. Mpaka leo nimekisugua na mswaki na bado ukikinusa kuna harufu ya uchachu. Kurudi, mama hakusema neno. Alimfungua, akamfuta, akamweka mapajani, na kabla hatujalifikia daraja mtoto alikuwa amelala mdomo wazi. Ndipo akaniangalia. "Umeona, mwanangu? Mtoto anataka mtu, hataki ndoo."

Niseme nini hapo, Shangazi? Alikuwa sahihi kwamba mtoto ametulia.

Lakini mimi nimekulia Mkata, nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara kuu ya Chalinze–Segera. Wanaotoka huko wanajua utotoni tuliona nini. Sitayaandika. Na nesi wa kliniki alinieleza kwa lugha nyepesi: gari likiwa kwenye mwendo wa 50 tu, ule wa vijijini, likagonga likasimama ghafla, mtoto wa kilo 11 aliye mikononi anachomoka kwa nguvu ya mamia ya kilo. Hakuna bibi wala mama wala mnyanyua vyuma wa kumshika. Ukijifunga mkanda mmoja wewe na yeye ndiyo mbaya zaidi, maana uzito wako wote unamwangukia. Nilipomweleza mama haya, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia kwamba watoto wake wote, na huyo mume wangu akiwemo, walisafiri mapajani kwenye mabasi ya vumbi ya Kagera, na wapo. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Kwa hiyo miaka yote hii unaona sijui kumshika?"

Tangu hapo amepoa. Chakula anapika, mtoto anamwogesha, ila zile stori za jioni hakuna.

Mume wangu nimempigia. Anasema, "Malizaneni wenyewe, mimi nitaendesha." Anajua fika kwamba neno lake moja lingetosha. Yeye mawazo yake yako kwenye mwendo: tutoke alfajiri Tanga, tulale Singida, kesho yake Bukoba. Na mtoto? Vijiji vyote hivyo ni vibao vya 50 na matuta, na mwisho wa mwaka trafiki wenye tochi za kupima mwendo wako kila kona. Halafu mtoto wa umri huu inafaa ashushwe kila baada ya saa mbili hivi atembee, anyonye, abadilishwe nepi. Mimi nataka tulale mara tatu: Moshi kwa rafiki yangu niliyesoma naye chuo, Singida gesti, kisha Kahama. Chandarua tunacho, kadi ya kliniki nitaibeba kwenye mkoba wangu, si kwenye fuso. Hilo la kulala nadhani nitalishinda, kwa sababu yeye anakuja na basi kutoka Bukoba kulifuata gari na atafika mgongo umekufa.

Njia nyingine tumeziangalia, usidhani hatujaziangalia. Ndege kutoka Dar hadi Bukoba, mimi na mtoto, wao waje na gari: kabla hajatimiza miaka miwili nauli yake ni ndogo, lakini yangu si ndogo, na hamu ya mama ya kushuka na mjukuu inakufa. Tena alinishika pabaya. Akauliza, "Na huko kwenye ndege si atapakatwa?" Ni kweli, atapakatwa. Kaka yangu akasema tushuke Dar tupande treni ya SGR hadi Dodoma, gari litukute huko. Tunazunguka, na bado Dodoma hadi Bukoba ni palepale. Dada yangu aliyeko Mwanza anatutaka tupitie kwake, akidai siku hizi Kigongo–Busisi hakuna tena kusubiri kivuko, daraja lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 hivi juu ya maji unazipita kwa dakika chache. Akaongeza kwamba mama na mtoto wangeweza hata kupanda meli ya usiku pale Mwanza. Hilo sikulifikisha. Mama alipoteza ndugu kwenye meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na mtu wa Kagera humwambii habari za meli ya usiku ukatarajia akae atulie.

Kuna na shauri la jirani yetu, nalo limemwingia mama kichwani: mtoto apewe piritoni kidogo kabla ya kuondoka, atalala, kiti atakaa bila kujua. Nilirudi kliniki kuuliza. Nesi alikunja uso. Akasema ile ni dawa ya mzio, si ya kumlazia mtoto, na wako wanaopewa wakachachamaa badala ya kulala. Zile za kuzuia kutapika safarini zenye promethazini ndiyo kabisa, chini ya miaka miwili hazitolewi, zinaweza kuubana upumuaji. Alichonishauri ni chakula kidogo kidogo badala ya kumjaza uji, hewa, na kusimama mara kwa mara. Pia nikiweke kiti sebuleni mtoto akizoee. Nimekiweka. Mchana anakipanda mwenyewe, anakaa na mdoli wake, anacheka. Nikifunga mkanda tu, kilio.

Nimefikiria kumwomba mama yeye ndiye akae nyuma pembeni ya kiti, amshike mkono, amwimbie, amlishe, na mimi nikae mbele. Kisha tukifika njia panda ya kwao tusimame, tumfungue, amchukue, gari liingie uani akiwa amempakata, kwa mwendo wa kutembea. Hapo roho yangu inakubali. Nisichojua ni namna ya kulisema. Nikilisema mimi, naogopa atasikia mkwe anampangia mahali pa kukaa na muda wa kumshika mjukuu wake. Nikimlazimisha mume alisema, atajua limetoka kwangu, na mume atalisema vibaya.

Kwa hiyo nakuomba, Shangazi, na wasomaji wako hasa wakwe wa kike na mabibi: nimwendee mwenyewe au nimtume mtu mzima wa kwao? Kuna wifi mkubwa yuko Bukoba, mama anamsikiliza, ila mimi na yeye hatujazoeana. Na ikiwa Singida mtoto amelia mpaka sauti imekauka, mama ananyoosha mikono amchukue, gari liko kwenye mwendo, nifanye nini dakika ile bila kumkosea adabu?

Mume anafika wiki ya pili ya Desemba. Ukiweza nijibu kabla ya hapo, na kama una la kusema kuhusu gunia la nazi, sema pia.

Mimi,
Mwalimu mwenye kiti, Tanga