Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Jimbo: tupeni muhuri wa nakala

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi wa kuchonga hapa Lubumbashi. Nauza nakala za vitu vya kutawazia wafalme wa Waluba: viti, fimbo, shoka na lukasa, yaani ubao wa kumbukumbu wenye shanga. Sioni haya kwa kazi hiyo. Ninachoomba ni muhuri.

Sokoni kwetu, ubao wa juzi unafukiwa udongoni, unapakwa mafuta na masizi, kisha mgeni anaambiwa ni wa enzi za mababu. Akifika uwanja wa ndege wa Luano hana karatasi ya kuonyesha kama ni kazi mpya au mali ya kale. Mwongo ameshakula bei ya kale. Mimi ninayesema kweli naonekana nauza kuni.

Kinachoniudhi zaidi ni lukasa. Mjuzi wa Mbudye, chama cha watunza historia ya Waluba, huishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha kulia juu ya shanga na simbi huku akisimulia asili ya ufalme. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo waweza kuwa mtawala na watu wake. Mfalme mwenyewe aliingizwa Mbudye kabla ya kutawala. Sasa tazama lukasa za kuuza: shanga zimebandikwa popote gundi ilipodondoka. Mjuzi akiipapasa atasoma nini?

Uingereza walipomtawaza Charles III, tarehe 6 Mei 2023, ofisi ya mfalme ilitoa masharti ya kutumia nembo kwenye vikombe na zawadi nyingine. Kijiko cha kumpakia mfalme mafuta anapotawazwa ni cha karne ya 12. Nakala zake huuzwa kwa jina la nakala, na watu wananunua.

Basi, Mheshimiwa, uwepo muhuri wa jimbo wenye mwaka, uchomwe chini ya kiti na nyuma ya ubao. Makumbusho ya Taifa hapa mjini yaturuhusu mafundi kuchora na kupima vitu vya asili, maana wengi wetu tunaiga picha za simu. Ila kwanza waulizwe wazee wa jimbo la Haut-Lomami, kwani Uluba ni kwao. Wakisema kitu fulani kisichongwe cha kuuza, tutakiacha.

Ada ya muhuri tutalipa, mradi iwe ndogo, na idaiwe na ofisi moja tu.

Wako mtiifu,
Fundi wa Lubumbashi