Mita ya kununua kwa hiyo treni yako

Rafiki yangu, habari ya Kisumu? Sisi huku Nakuru tuko salama, mvua tu ndio haituachi.

Nimeona vile umeandika kuhusu treni yako ndogo ya mezani kusimama pale kwa kona na hiyo mita ya kupima stima (multimeter) ya bei kali unataka kununua. Wacha hiyo. Chukua hata ya chini ya elfu moja, pesa inayobaki uongeze reli, bora tu mita iwe inalia stima ikipata njia kati ya sindano zake mbili. Juu shida za reli ndogo karibu zote ni mbili, stima haifiki mahali inafaa kufika ama inafika mahali haifai, na zote unazishika kwa sauti. Kuna hizi za manjano za DT830 ziko kila duka la vifaa vya stima, kwa nje zinafanana kabisa lakini zingine hazina sauti, so usitoke dukani kabla hujawekewa betri ugonganishe zile sindano mbili usikie piii. Ukiwa umeinama chini ya meza na tochi mdomoni hutaweza kuangalia skrini.

Kabla upime, zima umeme na utoe injini zote kwa reli, hata mabehewa yenye taa, maanake stima inapita ndani ya mota kutoka reli moja hadi nyingine na mita inaweza kulia ukadhani ni shoti. Sasa weka sindano moja reli ya kushoto, nyingine ya kulia, inafaa kunyamaza. Ikilia toa waya mmoja mmoja mpaka inyamaze, huo wa mwisho kutoa ndio mwenye makosa. Kwa hiyo kona yako fanya kinyume, sindano moja pale waya unatoka kwa kontrola (kile kisanduku kinachopeleka stima kwa reli), nyingine juu ya reli ya upande huo huo, finya kabisa ipite uchafu, na hapo inafaa kulia.

Volti pia utapima, weka kwa 20 ya DC juu treni yako ni ya volti 12. Lakini skia hii vizuri: pima treni ikiwa inavuta. Mita yenyewe inakula stima kidogo sana, so hata kiungo kibovu kitakuonyesha 12 safi reli ikiwa tupu, halafu injini ikianza kuvuta tu inaanguka. Hapo ndio watu wengi hupotelea, wanasema stima iko na treni haitembei. Na siku utahamia DCC, ile njia ya kuongoza treni kwa dijitali, usishtuke mita ya bei rahisi ikikupa namba ya ajabu, imetengenezewa AC ya kawaida ya hertz 50 na DCC si hiyo, wewe linganisha tu mahali na mahali.

Kitu kinanitia wasiwasi ni lile tundu la 10A la kupima ampea. Kwa hizi za bei rahisi mara nyingi halina fyuzi, imeandikwa tu hapo kando "unfused". Ukiacha waya mwekundu hapo halafu uguse reli mbili umepiga shoti wewe mwenyewe, so ukimaliza kupima ampea rudisha waya kwa tundu la volti saa hiyo hiyo. Na tafadhali ndugu yangu usiingize hizo sindano kwa soketi ya ukuta, hiyo ni 240, wewe baki upande wa reli.

Hiyo plani ya kujenga stesheni ya Kisumu naipenda sana, reli ilifika hapo 1901 na sijaona mtu ameifanya kwa meza. Lakini reli yetu ya zamani ni upana wa mita moja, kwa kipimo chako cha 1:87 (kila kitu kimepunguzwa mara 87) unahitaji reli ya upana wa milimita 12, hizo zako ni 16.5. Usiagize zingine kabla hatujaongea.

Ukishanunua mita nipigie jioni ukiwa hapo kwa meza tupime pamoja kwa simu. Anza na vile vibati vya kuunganisha reli kwa kona, mimi hivyo ndio nashuku.